Istilahi za Sheria kwa Mwanafunzi wa Turwa: Uhakiki wa Orodha za Maneno

Kazi ya kukipatia Kiswahili maneno ya sheria si kazi changa. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na haikupita miaka mingi kabla ya mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, kuandika katika jarida la Swahili, mwaka 1965, juu ya matatizo ya kuikuza lugha ya taifa upande wa sheria. Mwaka 1968 ikatolewa orodha ya istilahi za sheria. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, liliendeleza shughuli hiyo katika matoleo yake ya Tafsiri Sanifu. Na mwaka 1999 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya sheria ya Kiingereza na Kiswahili. Hatimaye, mwaka 2021, Bunge la Tanzania liliibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa kanuni za mwaka 2022 ziliacha mlango wa kutumia Kiingereza kwa masharti maalumu.

Mtu akiutazama mfululizo huo wa miaka, atasema kwa haki kwamba mengi yametendwa. Hata hivyo, liko swali ambalo aghalabu halikuulizwa na waliozitunga orodha hizo, nalo ni hili: orodha imeandikwa kwa ajili ya nani? Jibu la kweli ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya mtafsiri, yaani mtu ambaye tayari ana waraka wa Kiingereza mkononi na anatafuta neno la Kiswahili la kuweka mahali pake. Huyo amehudumiwa vizuri. Lakini yuko msomaji wa pili ambaye haja yake ni nyingine kabisa: kijana anayejitayarisha kwenda kusoma sheria. Uhakiki huu unazipima orodha hizo kwa kipimo cha msomaji huyo wa pili, na unamchukua kijana wa mahali pamoja panapojulikana, yaani Turwa, kata ya mji wa Tarime katika Mkoa wa Mara, ili hoja isielee hewani.

I. Mwelekeo wa orodha

Kijana wa Turwa, kama wenzake wengi katika wilaya za Tarime na Serengeti, huifikia sheria kwa kupitia lugha tatu. Nyumbani amesikia Kikuria, ambacho ndicho lugha ya wazee wanapoamua mambo ya ng'ombe, ya ndoa na ya mipaka. Katika shule ya msingi na katika Mahakama ya Mwanzo amekutana na Kiswahili. Tangu sekondari hata shahada ya sheria hufundishwa kwa Kiingereza. Kila lugha kati ya hizo ina mafungu yake ya mawazo, wala mafungu hayo hayakatwi mahali pamoja.

Kamusi inayoanza na neno la Kiingereza humtaka kijana huyu ajue kwanza kile anachotafuta. Akitaka kuelewa neno dhamana alilolisikia katika ua wa mahakama, hana pa kuanzia. Itampasa akisie Kiingereza chake kwanza, ndipo afungue ukurasa. Na akikisia, aweza kukisia vibaya, kwa kuwa dhamana katika Kiswahili ni ile impayo mshtakiwa nafasi ya kusubiri kesi yake akiwa nje, ni mali inayowekwa rehani kwa mkopo, na pia ni wajibu aliokabidhiwa kiongozi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, humfasilia neno kwa Kiswahili. Lakini hiyo ni kamusi ya lugha nzima, wala haikukusudiwa kumwonyesha wapi maana moja ya kisheria inakoma na nyingine inaanza.

Zaidi ya hayo, orodha za istilahi hupenda nomino. Hilo ni jambo la kawaida katika utungaji wa istilahi, lakini katika Kiswahili cha sheria lina hasara kubwa. Mfano ulio wazi ni neno haki. Nomino hii hubeba mawazo mawili ambayo Kiingereza huyatenga kwa maneno mawili: kitu ambacho mtu anastahili kuwa nacho, na uadilifu unaotendwa na mahakama. Wapo waliodhani kwamba huu ni upungufu wa lugha. Lakini msomaji akiichunguza Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ambayo ilitungwa kwa Kiswahili na ambayo Kiingereza chake ndicho tafsiri, ataona kwamba tofauti ipo, ila imebebwa na kitenzi. Mtu huwa na haki, hupata haki, hunyimwa haki. Mahakama hutoa haki na hutenda haki. Mwenye kusoma ibara za haki za binadamu pamoja na ibara ya 107A, inayohusu mamlaka ya Mahakama, hachanganyi mambo hayo mawili hata kidogo. Orodha ya nomino peke yake itamnyima elimu hiyo, maana itaandika haki mara mbili na kunyamaza.

II. Maneno yanayopoteza njia

Yako maneno ambayo yamekubaliwa, yanatumika kila siku mahakamani na magazetini, na hata hivyo umbo lake humpeleka mwanafunzi kusikofaa. Si lazima yafutwe. Neno lililozoeleka halifutwi kwa amri. Lakini haifai kumpa mwanafunzi neno la namna hiyo bila onyo.

La kwanza ni kuua bila kukusudia, jina la kosa la kifungu cha 195 cha Kanuni za Adhabu, likitengwa na mauaji ya kifungu cha 196. Kwa sikio la Mswahili yeyote, maneno hayo yasema kwamba muuaji hakutaka kuua. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kifungu cha 201 chasema jambo jingine: mtu aliyeua katika hali ambayo ingekuwa mauaji, lakini akaua kwa ghadhabu ya ghafula baada ya kuchokozwa, huhesabiwa kuwa na kosa dogo la kifungu cha 195 tu. Huyo aweza kuwa alikusudia kabisa pale alipoinua panga. Sheria imempunguzia kosa kwa sababu ya ghadhabu yenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi anayelifuata jina la Kiswahili atajibu mtihani kwamba uchokozi unathibitisha kutokuwapo kwa kusudi, naye atakosea. Na akiwa wakili siku za baadaye, kosa hilo litamhusu mtu aliye kati ya adhabu ya kifo na kifungo.

La pili ni silaha. Katika Mara, ambako uporaji wa mifugo una historia ndefu, watu husema wizi wa ng'ombe kwa kila tendo la namna hiyo, liwe la siri usiku au la mapanga mchana. Sheria hugawa: wizi ni wizi, wizi uliofanywa kwa nguvu au kwa kutishia nguvu ni unyang'anyi, na unyang'anyi wa kutumia silaha, chini ya kifungu cha 287A, una kifungo kisichopungua miaka 30. Mgawanyo huu Kiswahili kimeueleza vizuri. Tatizo ni kwamba silaha, kwa wasemaji wengi, ni kwanza bunduki. Ilhali panga na kisu, vinavyokaa katika kila nyumba ya mkulima, vyaweza kuwa silaha mbele ya sheria. Orodha inayotoa neno bila fasili haimwambii mtu hilo, wala haimwambii kwamba kati ya neno wizi na neno silaha iko miaka 30 ya maisha ya mtu.

La tatu ni mdaiwa. Katika mashauri ya madai, anayefungua shauri ni mdai na anayejibu ni mdaiwa. Jozi hii ni nzuri kwa umbo, tena fupi. Lakini mdaiwa katika lugha ya nyumbani ni mtu mwenye deni. Mkulima aliyeitwa mdaiwa katika shauri la mpaka wa shamba husikia kana kwamba ameshahesabiwa kuwa na deni kabla hajasema neno. Mwanafunzi yampasa ajue kwamba katika mahakama neno hili lataja nafasi ya mtu katika shauri, halitaji hatia wala deni lake.

La nne ni baraza, na hapa lawama haiwaangukii watunga istilahi bali mabadiliko ya sheria yenyewe. Sheria ya mwaka 2002 ya utatuzi wa migogoro ya ardhi ilitumia jina hili kwa vyombo vya ngazi mbalimbali, tangu kijiji na kata hata wilaya. Mwaka 2021 Baraza la Kata likaondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, likaachiwa kazi ya kusuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likabaki na uwezo wa kuamua. Jina moja sasa laitwa kwa chombo kinachopatanisha na kwa chombo kinachotoa hukumu. Tofauti imehamia, kwa mara nyingine, kwenye vitenzi: kusuluhisha na kuamua. Mwanafunzi akivishika vitenzi hivyo viwili, jina la chombo halitamdanganya.

Kadhalika yako maneno ya jozi ambayo umbo lake halisemi lolote juu ya tofauti yake. Mapitio na marejeo yote mawili yaashiria kurudi nyuma na kutazama tena. Lakini kwa sheria kuna wakati mahakama inatazama upya uamuzi wake yenyewe, na kuna wakati mahakama ya juu inalichunguza jalada la mahakama ya chini. Hakuna silabi katika maneno hayo mawili inayomwambia mgeni lipi ni lipi. Maneno ya namna hii hujifunzwa kwa moyo pamoja na fasili yake, wala si kwa kubahatisha maana kutokana na mzizi.

III. Maneno yaliyofaulu

Haifai uhakiki uhesabu kasoro peke yake. Kiswahili cha sheria katika Tanzania kimeonyesha mara nyingi ustadi ambao haukutokana na kamati yoyote. Hakimu lilitoka Kiarabu na jaji likatoka Kiingereza, na katika lugha zao za asili maneno hayo yanakaribiana sana. Kiswahili hakikulitupa mojawapo. Kiliyagawia vyeo viwili, hakimu kwa mahakama za chini na jaji kwa Mahakama Kuu na ya Rufani. Hivyo wingi wa maneno ya kukopa, ambao wengi huulaumu, umekuwa mali.

Vivyo hivyo mwanasheria na wakili. Aliyemaliza shahada ya sheria ni mwanasheria. Hawi wakili mpaka apite mafunzo ya vitendo na kuandikishwa. Taasisi inayotoa mafunzo hayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kufundisha mwaka 2008. Tofauti hiyo humgusa kijana wa Turwa moja kwa moja, kwa maana baina ya neno la kwanza na la pili ndipo wengi hukwama. Mwaka 2022 matokeo yaliyozua mjadala nchini yalionyesha kwamba kati ya watahiniwa 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja, na serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza jambo hilo. Haitakuwa haki kuitwisha lugha mzigo wote wa matokeo hayo. Lakini itakuwa vigumu pia kudai kwamba mtu aliyekariri maneno ya lugha moja bila kuyaunganisha na mawazo aliyokua nayo katika lugha nyingine mbili anaingia katika mtihani akiwa sawa na asiye na mzigo huo.

Lafaa kukumbukwa pia kwamba sehemu kubwa ya Kiswahili hiki kilichofaulu kilitengenezwa katika Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama hiyo, wakati ambapo hukumu za mahakama za wilaya zilitakiwa kuandikwa kwa Kiingereza hata kama mashauri yalisikilizwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo lugha yake ilikuzwa na mahakimu, makarani, wazee wa mahakama na wenye mashauri wenyewe. Shauri, shahidi, kielelezo, uthibitisho, hukumu, tuzo: maneno haya yamesuguliwa na matumizi mpaka yakawa na makali. Mtu anayetaka kujua kwamba ushahidi si uthibitisho, yaani kwamba mashahidi kumi waweza kusema na bado jambo lisithibitike, atalijifunza hapo kwa wepesi kuliko katika orodha.

IV. Mahari na mambo ya Wakuria

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ambapo neno la Kiswahili limewekwa juu ya jambo la Kikuria bila kupimwa. Mahari ndiyo mfano mkubwa. Neno hili lilikuja na dini ya Kiislamu, na katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Kwa Wakuria ng'ombe hutolewa na upande wa mume kwa jamaa ya mwanamke, na kwa ng'ombe hao ndiyo hujulikana watoto ni wa ukoo upi. Mambo haya mawili yanapingana kwa swali la msingi kabisa la sheria: mali ni ya nani, na inanunua haki gani? Kiswahili kimeyaita yote mahari. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaposema, kwa maana yake, kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari hazikutimizwa, sentensi hiyo husomwa kwa wepesi na mtu wa pwani, lakini kwa mzee wa Tarime huuliza swali zito: ikiwa ng'ombe hawakutoka, watoto ni wa nani?

Jambo hili halikosi wataalamu. Barthazar Rwezaura aliliandikia kitabu kizima mwaka 1985, akichunguza sheria ya familia ya Wakuria na mabadiliko yake. Na kitabu hicho chapasa kuwa miongoni mwa vya kwanza kusomwa na kijana wa kwao. Lakini kiliandikwa kwa Kiingereza. Hakuna sababu ya elimu hiyo kukosa njia ya kuingia katika kamusi ya Kiswahili, walau kwa maelezo ya mistari miwili chini ya neno mahari, yakionyesha kwamba maana ni mbili na matokeo yake ni mawili.

Nyumba ntobhu ni mfano wa pili. Katika desturi hii mwanamke, aghalabu asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kumleta mwanamke mwingine nyumbani ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Magazeti huiita ndoa ya nyumba ntobhu. Neno ndoa hapo linaamua kesi kabla haijafunguliwa, kwa kuwa Sheria ya mwaka 1971 hufasili ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa fasili hiyo nyumba ntobhu haiwi ndoa. Lakini watoto wapo, ng'ombe walitoka, na shamba lina mrithi au halina. Mwandishi wa istilahi akiliacha jina la Kikuria lilivyo na kulieleza, anampa hakimu na mwanafunzi nafasi ya kuuliza maswali yanayostahili. Akilifunika kwa neno ndoa, amelifunga swali. Na anayeumia ni mwanamke aliyeletwa, ambaye hana jina la kisheria la kusimamia haki zake.

Iritongo nalo ni hivyo. Ni mkutano wa wazi wa jamii unaosikiliza mashtaka na kutoa uamuzi, tofauti na inchama, ambayo ni baraza la siri la wazee. Kuuita iritongo mahakama ni kuupa mamlaka ya dola usiyokuwa nayo. Kuuita mkutano wa hadhara ni kuunyima uzito ulio nao kwa watu wake. Istilahi iliyo bora hapa ni iritongo yenyewe, ikiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili na kufasiliwa. Kiswahili kilichopokea kadhi, wakili na jaji hakitashindwa kupokea neno moja la jirani.

V. Vitabu na njia

Basi kijana wa Turwa ashike nini? Kwanza, Katiba ya mwaka 1977 kwa Kiswahili, isomwe kama maandishi ya asili, na jicho likiwa juu ya vitenzi. Pili, Kanuni za Adhabu, Kiswahili na Kiingereza pamoja, kifungu kwa kifungu, hasa pale ambapo jina la kosa na fasili yake haviendi sawa. Tatu, hukumu zenyewe. Hukumu za Mahakama Kuu Kanda ya Musoma, ambayo hupokea mashauri ya Tarime na Serengeti, zinapatikana bure katika hazina ya mtandao ya TanzLII. Humo kijana atasoma migogoro ya vijiji anavyovijua, ikiwa imevikwa lugha ya sheria. Nne, kitabu cha Rwezaura. Na akifika Dar es Salaam, Mkusanyo wa Hans Cory katika Maktaba ya Chuo Kikuu, wenye maandiko mengi juu ya sheria za mila. Tano, benchi la nyuma la Mahakama ya Mwanzo, ambalo liko wazi kwa raia yeyote, na ambalo hufundisha matumizi ya maneno bila malipo.

Ahadhari pia na maneno ya ng'ambo ya Sirari. Katika Kenya ni Mahakama ya Rufaa, na watu husema korti bila haya. Katika Tanzania ni Mahakama ya Rufani. Tofauti hizo ni ndogo, lakini mtahini huziona.

Kwa upande wa taasisi za lugha, linalodaiwa si orodha nyingine ndefu ya Kiingereza na Kiswahili. Linalodaiwa ni kamusi inayoanza na Kiswahili, hata ikiwa na maneno mia tatu tu. Yenye fasili na vitenzi vinavyoandamana na kila nomino. Yenye onyo pale ambapo umbo la neno linapoteza njia. Na yenye kupokea maneno ya sheria za mila kutoka lugha za jirani kwa fasili yake kamili. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake wala na mwanasheria peke yake, na haitafaa ikifanywa bila wazee wa mahakama. Sheria ya mwaka 2021 ilikipa Kiswahili kiti mahakamani. Kukaa katika kiti hicho kwataka neno ambalo mtu wa Turwa akilisikia atajua ameshtakiwa nini, anadaiwa nini, na watoto wake ni wa nani.